Mafuta Niliyokuambia Upake

Mjimwema, Songea
Jumamosi, jua likizama

Beda mwanangu,

Sitakuambia uvae sweta. Baridi ya Mbeya unaijua na sweta unazo. Sitakuambia usali, ule vizuri, upige simu ukifika. Hayo utayafanya au hutayafanya, na mimi nitalalamika vilevile. Nakuandikia kwa sababu ya filta ya hewa iliyo kwenye gari lako, na mafuta niliyokuambia uipake siku ya Alhamisi. Tangu jana nimekueleza kwa mdomo na hukunisikia, na wa kulaumiwa kwa hilo ni mimi. Kesho baada ya misa ya kwanza unaelekea milima ya Lukumburu na injini ambayo, kwa sababu ya maneno yangu, inaweza kukufia ukiwa ubavuni mwa lori la makaa ya mawe. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujawasha.

Najua umeshakunja uso. Unasema, "Mama ameanza makala." Sawa, nimeanza makala. Lakini hii sitaipeleka kwa mhariri.

Unajua mimi ni mtu wa kubishana. Nimebishana na wakuu wa shule, na wahariri waliokata aya zangu, na kamati ya parokia iliyotaka akina mama wapike huku wanaume wakipanga matumizi. Kila kitabu kilichofika mikononi mwangu nimekisoma, na vingi nilivisoma kama mtu anayenoa panga, nikitafuta wa kumkata. Mara nyingi haki ilikuwa upande wangu, na hilo ndilo lililoniharibu. Nilizoea kushinda nikiwa na haki, mpaka nikawa nashinda bila hata kuangalia kama bado ninayo.

Wewe nilikushinda tangu ukiwa mdogo. Ulikuwa darasa la pili uliposema mwezi unatufuata tukitembea. Mzazi mwingine angecheka akuache na mwezi wako. Mimi nilikuuliza, "Na mwenzako anayekwenda upande wa pili, yeye anafuatwa na nani?" Ukatoka nje, ukaenda kufungua redio ya baba yako kwa kisu cha mezani. Nilijivunia swali lile, nikawasimulia walimu wenzangu. Sikuona kwamba kila nilipokushinda ulitoka nje, na kwamba huko nje ulipata vitu visivyokukatisha maneno. Watu huniuliza mtoto wa mwalimu wa historia alipendaje injini namna hii. Huwa nawapa jibu refu kuhusu vijana na teknolojia. Jibu fupi ni kwamba injini ilikuacha umalize sentensi.

Halafu mwaka jana nikaandika ile makala. Nilisema vijana wa mji huu wananunua kelele kwa sababu hawana cha kusema, na kwamba gari lenye tabo mikononi mwa kijana asiye na shamba ni panga mikononi mwa mlevi. Sikukutaja, lakini gereji nzima ya Majengo ilijua ni nani. Waliisoma kwa sauti, Oti rafiki yako akiigiza sauti yangu, na wewe ukiwa chini ya gari la mteja. Uliporudi nyumbani nilikusubiri na hoja zangu zote. Ukaniambia tu, "Umeandika vizuri, Mama. Koma umeziweka vizuri." Ukaenda kuoga. Nilikaa pale sebuleni na hoja zangu kama mtu aliyepika kwa ajili ya wageni wasiotokea.

Kwa hiyo mwezi huu uliposema umepata kazi Mbeya, kwenye gereji inayorekebisha magari ya tabo, na kwamba kabla ya kwenda utalifungia gari lako intakula kubwa na filta ya wazi ili wasikuone mshamba, niliapa sitafungua mdomo. Nilikuja uani siku ya kuifunga nikiwa na nia njema. Ulikuwa umekata chuma cha nyuma ya bampa, na ile intakula mpya imelala kwenye gunia kama dirisha la aluminiamu.

"Mama, shika hili bomba hapa. Usivute, shika tu."

"Nimeshika. Lazima mkate gari zima?"

"Haiingii bila kukata."

"Kwa hiyo unaharibu kizima ili uweke kipya. Serikali nyingi zimeanguka hivyo."

Oti akacheka huko chini ya gari. "Mwalimu, hapa hakuna maksi!"

"Wewe Otmari nyamaza. Nilikupa sifuri ya historia na hukukata rufaa."

"Sikukata kwa sababu ilikuwa haki yangu, Mwalimu."

Ulicheka, Beda. Ulinitazama huku umeshika bisibisi, ukacheka na mimi. Sijui kama unaikumbuka siku ile kama ninavyoikumbuka. Ulinieleza kwamba tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa gari lenyewe ili isukume hewa ndani ya injini. Kwamba hewa ikisukumwa hivyo hupata moto. Kwamba intakula ni rejeta ya hewa, inaipoza kabla haijaingia, na hewa baridi hubeba nguvu zaidi. Ulieleza taratibu, mwanzo hadi mwisho, na mimi nikiwa nimebana bomba kwa mikono miwili sikuweza kunyoosha kidole nikuulize swali. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yako nilikusikiliza mpaka mwisho. Baada ya hapo ukatoa lile kasha la plastiki la filta ya zamani, ukalitupa nyuma ya banda la kuku, ukaweka filta mpya, koni nyekundu iliyokaa wazi bila kifuniko. Nilidhani tumepona, mimi na wewe.

Ikaja Alhamisi, tukaenda Maposeni na Oti kumuaga bibi yako. Unajua barabara ya shamba ilivyo wakati huu wa kuvuna. Malori ya mahindi yanapita na vumbi halitui. Tulipofika ukafungua boneti, na ile koni nyekundu ilikuwa imegeuka rangi ya ugoro. Ulitaka kuipuliza kwa pampu ya baiskeli kisha uiache hivyo hivyo. Na mimi, badala ya kwenda kumsaidia mama mkwe wangu kumenya maboga, nikafungua mdomo.

"Ilowanishe mafuta," nilisema. "Vumbi litanasa kwenye mafuta."

"Mama, hii si ya mafuta. Hii ni kavu."

"Babu yako aliendesha trekta la misheni katika vumbi kuliko hili. Chini ya filta yake palikuwa na bakuli la mafuta. Kila Jumamosi aliyamwaga yakiwa uji mweusi, akaweka mengine, na injini ile ilizeeka naye."

"Hili si trekta, Mama."

"Hewa ni hewa na vumbi ni vumbi. Nipe sababu."

Hukuwa nayo. Nataka uelewe ninachokuambia hapa: sababu ulikuwa nayo mikononi, hukuwa nayo mdomoni, na mimi niliona hivyo nikafurahi. Nilijua uso ule. Ni uso wa yule mtoto wa mwezi. Oti akasema, "Mwalimu kashasema, mwaga." Ukachukua kopo la mafuta ya injini lililokuwa kwenye buti, ukaiogesha ile koni mpaka ikachuruzika, ukaikung'uta, ukairudisha. Bibi yako alikuwa mlangoni. Akauliza, "Mnaipaka mafuta kama mtoto mchanga?" Sote tukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote kwa kuwa nilikuwa nimeshinda.

Njiani kurudi taa ya injini ikawaka. Kwenye kile kilima kabla ya kuingia mjini gari likasita, kisha ikasikika sauti kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Ukaondoa mguu, sauti ikaisha. Tulipofika nyumbani Oti akakata kipande cha selotepu nyeusi akakibandika juu ya ile taa. "Imelala," alisema. Kila gari la rafiki zako lina kipande kama hicho.

Mimi sikuweza kuiacha ile sauti. Unanijua. Niliingia kusoma, na nakwambia ukweli kwamba nilianza kusoma ili nipate hoja za kukuonyesha kwamba ni intakula yako iliyoleta taabu, si mafuta yangu. Nikasoma maandiko ya mafundi, nikatazama video mpaka kifurushi kikaisha, nikanunua kingine. Na kila nilipogeuka nilijikuta mimi.

Hewa ikishapita filta yako hukutana na kihisio kidogo chenye uzi mwembamba kuliko unywele. Uzi huo hupashwa moto, na hewa inapopita huupoza; kompyuta ya gari inajua hewa ni kiasi gani kwa jinsi uzi unavyopoa. Ikishajua, inatoa petroli inayolingana. Yale mafuta tuliyomwaga yamevutwa na hewa yakaenda kukaa juu ya uzi ule, na vumbi likafuata. Sasa uzi hauhisi sawasawa. Unaiambia kompyuta hewa ni kidogo, na kompyuta inatoa petroli kidogo, wakati tabo na intakula yako mpya vinasukuma hewa nyingi kuliko gari lile lilivyowahi kuvuta. Hewa nyingi, petroli kidogo, na mguu wako chini kabisa mlimani. Moto unaotokea humo ndani hutoboa pistoni. Zile kokoto ndizo mwanzo wake. Ukiendesha polepole huenda usizisikie kamwe. Zinasubiri upande mlima kwa nguvu.

Na kesho ndivyo mnavyotaka kupanda. Usinifiche, mji huu ni mdogo na nusu ya hao vijana nimewafundisha. Najua desturi mliyojiwekea: mwenzenu akihama mnamsindikiza kwa magari, na anayehama lazima awe mbele tangu mlima unapoanza hadi kileleni. Akipitwa anaitwa "mzigo", na jina hilo linabaki kwenye simu zenu maisha yake yote. Najua Oti amesema tabo yake ndogo itakula intakula yako kubwa. Najua umesema, "Labda nikiwa nimekufa." Kauli hiyo umeisema ukicheka. Mimi nimeambiwa nikiwa sokoni nachagua dagaa, na nimerudi nyumbani bila dagaa.

Wewe unaijua barabara ile. Malori ya makaa ya mawe yanapanda kama konokono, moja nyuma ya lingine, na anayetaka kuwa wa mbele lazima atoke upande wa kulia ayapite kwenye kona. Unahitaji nguvu yote ya gari wakati ule ule ambao gari litakuwa na sababu zote za kukunyima. Naweza kuandika makala kumi kuhusu barabara ile, kuhusu waliochimba makaa wakasahau kupanua njia ya kuyapitisha, na kuhusu mji unaowapa vijana wake mashindano ya kuondoka badala ya sababu ya kubaki. Zote zitakuwa za kweli. Hakuna hata moja itakayokushikia usukani.

Jana asubuhi nilikuja kukuambia. Nilikukuta unapanga spana.

"Beda, yale mafuta yameharibu kihisio. Tuitoe ile filta."

"Jana mafuta yalikuwa dawa. Leo ni sumu?"

"Jana nilikosea."

Ukaacha spana ukanitazama. "Wewe, Mama? Hujawahi kukosea. Umehama upande tu, kama kwenye mdahalo. Jana ulikuwa upande wa watetezi, leo wa wapingaji."

"Nisikilize..."

"Nakusikiliza tangu nimezaliwa. Sema tu hutaki niondoke. Hilo nitalielewa bila kusoma kitu."

Nilikasirika, nikasema yale niliyosema kuhusu watu wanaobandika selotepu juu ya ukweli, na wewe ukaingiza kichwa ndani ya boneti usinisikie. Baadaye nikakaa na maneno yako. Ni kweli sitaki uondoke. Nyumba hii itabaki na mimi na baba yako, na baba yako habishani. Nimetafuta ndani yangu kama hofu yangu yote ni hiyo tu iliyovaa nguo za ufundi, na siwezi kukuapia kwamba hakuna hata chembe yake. Lakini uzi ule una mafuta, Beda. Ningekuwa nakuchukia ungekuwa na mafuta vilevile.

Nikamwendea baba yako shambani. Akasema, "Mwache. Akiharibu atatengeneza." Nikamuuliza, "Na akiharibika yeye?" Alisimamisha jembe, akasema, "Ficha ufunguo." Baba yako, mtu yule mpole! Nikaja nikauchukua ufunguo kwenye msumari wake, nikaufunga kwenye pindo la kanga, na mchana kutwa nimetembea nao. Ulipoutafuta saa ya chakula cha jioni uligeuza mito yote ya makochi, na mimi nikikuangalia. Nikaona nikiuficha utakuwa ushindi mwingine, ule mkubwa kuliko wote, na utatoka nje kama kawaida yako, na safari hii hutarudi. Nikauangusha chini ya meza nikakuambia, "Si ule pale?" Ulinishukuru. Sijawahi kuaibika vile.

Kwa hiyo leo nimefanya ninachokiweza. Nimezunguka maduka ya spea yote ya Majengo nikiuliza dawa ya kusafishia kihisio cha hewa. Wa kwanza akanipa ya kusafishia breki. Nikamwambia hiyo inaharibu. Akasema, "Mama, kwani gari ni la nani?" Nikasema la mwanangu. "Basi mlete mwanao." Wa pili akaniuliza kama nimetumwa na fundi au nimeota. Nikamjibu jibu ambalo sitaliandika hapa. Mwisho nimeipata kwa vijana wanaotengeneza simu, ile dawa ya kupuliza inayokauka haraka, wanayosafishia ndani ya simu zilizoingia maji. Nimesoma maelezo ya kopo mara nyingi kuliko nilivyosoma katiba. Inafaa. Inapulizwa tu, uzi haushikwi kwa kidole wala kitambaa, na inaachwa ikauke kabla ya kuwasha.

Na lile kasha la zamani nimelitoa nyuma ya banda. Kuku alikuwa ameshalitagia. Nimehamisha mayai, nimeliosha, nimelianika. Filta ya karatasi mpya imo ndani yake. Niliangalia ulivyolifungua, na naamini kulirudisha ni kazi ya muda wa kuchemsha chai. Intakula ibaki, imekaa vizuri, uliifunga kwa akili, na hilo nalisema bila kutaka chochote. Ukifika Mbeya walio na mashine za kuisoma kompyuta watakurekebishia, ndipo urudishe koni yako nyekundu, na nitakuja kusikiliza kelele zake mwenyewe.

Ningeweza kukufungia yote haya leo hii. Gari liko uani, wewe uko kwa Oti mnaagana, na spana najua zilipo. Sikugusa. Gari ni lako, na nimechoka kukutengenezea akili.

Barua hii naiweka juu ya usukani, maana ikiwa mezani utaipita. Kasha na kopo la dawa viko kwenye kiti cha abiria. Asubuhi nitakuwa jikoni. Sitatoka kubishana, na wewe usije kunijibu. Usinikubalie wala usinikatalie. Nikisikia boneti ikifunguliwa nitakuletea chai hapo hapo ulipo, nikushikie tochi, na sitasema neno. Lakini nikisikia injini kabla ya boneti, nitatoka na kanga yangu nikae kwenye kiti cha abiria na kasha mapajani, na utanipandisha Lukumburu hivyo hivyo, Oti na wenzake wote wakituona. Watuite mzigo wakitaka.

Mama yako